Msamaha wa Jumla na wa Rejareja

Msomaji mwenzangu, nina swali ambalo nimelala nalo miaka kadhaa na bado halijanipa usingizi. Mtu akikukosea, halafu ukamsamehe, kile ulichokikosa kinakwenda wapi? Fedha hurudishwa. Baiskeli iliyoibwa hapa Tanga unaweza kuikuta siku moja imeegemezwa ukutani, imepakwa rangi nyingine, ukaitambua kwa kengele yake. Lakini kipindi cha televisheni kilichokupita? Saa yake ilifika, wenzio wakacheka, wakalia, kesho yake wakasimuliana kibarazani, na wewe umekaa pembeni kama mgeni kwenye arusi ya watu usiowajua.

Utacheka. Utasema huyu naye, wenzake wanasameheana damu, yeye anatuletea habari za TV. Haya, cheka, mie naendelea.

Nyumba yetu ipo Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. TV yetu ilikuwa ya chogo, inchi 14, mama aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ikawekwa juu ya kabati la vyombo na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mama anauza vitumbua. Anaamka saa kumi alfajiri, na jioni ikifika miguu imemvimba, hana starehe nyingine ila moja tu: Isidingo.

Wale mliozaliwa juzi nawakumbusha. Isidingo ilikuwa tamthilia ya Afrika Kusini, kwao ilianza kuonyeshwa Julai 1998 na ikaisha Machi 2020, na huku kwetu ITV ndio waliotuletea. Ilikuwa ni habari ya mgodi wa dhahabu na watu wake, wachimbaji kwa matajiri, na juu yao wote Barker Haines mwenye suti na ubaya wake, na Cherel, mwanamke ambaye akitabasamu unajua kuna mtu ataumia. Mtaani kwetu Cherel alichukiwa kama mtu aliyekopa kwa kila nyumba akahama usiku. Msichana akiwa mfitini aliitwa Cherel, basi, neno limekwisha.

Sasa mama hajui Kiingereza. Mkalimani wa nyumba alikuwa kaka yangu, aliyenizidi miaka saba. Alikaa kwenye mkeka, mgongo kaupa ukuta, akawa anatafsiri huku watu wanaongea. Barker alimpa sauti nzito ya kifuani, Cherel alimsemea puani. Akikosa neno alitunga. Siku moja Barker kaongea dakika nzima, kanyoosha vidole, kapiga meza, kaka akatulia kidogo kisha akasema, "Anasema hataki." Mama alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Nikiulizwa leo furaha ni nini, sina jibu la kitabuni. Nitakwambia ni hiyo sentensi, "Anasema hataki," na mama anafuta machozi kwa pindo la khanga.

Kisha zikaja habari za digitali. Dar es Salaam walizimiwa mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Tanga ikafika mwishoni mwa Januari 2013. Mwenye king'amuzi akaendelea na mambo yake, asiye nacho akabaki anatazama chenga. Wazee kibarazani wala hawakushtuka. Walisema sisi huku Bara tumekaa bila televisheni mpaka 1994, wenzetu Zanzibar wanayo tangu miaka ya 1970, na hatukufa. Kweli hawakufa. Lakini hawakuwa na Isidingo.

Mama alikuwa kwenye mchezo na akina mama wenzake, na zamu yake ya kupokea ilikuwa mwezi ule ule. Akapokea shilingi 120,000. Hesabu ilishapigwa: king'amuzi, antena, na kitakachobaki ni sare zangu za shule. Fedha zikalala ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, nyuma ya TV. Asubuhi ya tatu kopo lilikuwa jepesi. Kaka akasema wezi wameingia, akaonyesha hata dirisha. Siku mbili baadaye na yeye hayupo. Baada ya muda tukasikia kwa watu kwamba yuko Mererani, kajiunga na wanaapolo, anaingia chini ya ardhi kutafuta tanzanaiti. Mtoto aliyekuwa anatutafsiria habari za mgodi kaingia mgodini mwenyewe.

Mama hakukaa hata wiki. Alisema mbele ya majirani, "Mie nimemsamehe mwanangu. Yaliyopita si ndwele."

Msemo huu nimeuchukia tangu siku ile. Tugange yajayo, sawa, lakini nani kasema yaliyopita hayaumi? Mganga hakuulizi kidonda cha kesho, anakuuliza umeumia wapi. Wahenga hao hao walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Basi sijui ni wahenga gani tuwasikilize, wa asubuhi au wa jioni.

King'amuzi tulikuja kukipata baada ya miezi saba, kwa fedha za vitumbua. Tukakaa mkekani, Isidingo ikaanza, mama akanigeukia mie. Nikawa mkalimani, na Kiingereza changu cha shule ya msingi. Nilitafsiri kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. "Anasema anaondoka. Anasema kwa nini." Mama akawa anajibu "Aha." Hakucheka. Halafu mambo mengi yalikuwa yametupita, watu wamekufa, wameoana, wameachana, hatujui nani ni adui wa nani. Nilimtazama mama anajitahidi kufurahi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba zile laki na ushee nimeshazisahau kitambo, ila hiki sikisamehi. Kaka alichukua fedha akaondoka na kicheko, na kicheko hakina risiti.

Nilipokuwa kidato cha pili nilisoma *Adili na Nduguze*. Mwandishi wake, Shaaban Robert, ni wa huku huku kwetu, kazaliwa mwaka 1909 Vibambani na kuzikwa Machui, wala si mbali na mjini. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Mnaojua hadithi mtanivumilia. Adili anafanyiwa ubaya na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa baharini kwa wivu. Jini Huria anawageuza wale ndugu kuwa manyani, na kumwamuru Adili awachape kila usiku, na asipofanya hivyo ataadhibiwa yeye. Basi kila usiku Adili anachukua kiboko, anawapiga ndugu zake, na baada ya kuwapiga anawabembeleza na kuwalisha, roho inamuuma.

Mwalimu alitufundisha kwamba kitabu kinahusu uadilifu. Sawa, nikaandika hivyo kwenye mtihani. Lakini mie nilikuwa nimekwama kwenye maneno mawili: *kila usiku*. Saa ile ile, kiboko kile kile. Na mie nilikuwa na saa yangu. Isidingo ikianza, namtoa kaka kwenye chumba cha kichwani, nampiga, namrudisha. Tofauti ni kwamba Adili alilazimishwa, na aliumia. Mie hakuna jini aliyenilazimisha, na nikiwa mkweli, nilikuwa nastarehe. Kinyongo nacho ni tamthilia. Kina saa yake, kina wahusika wake, kila siku mambo ni yale yale na bado hutaki kikupite.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka tangu mwanzo.

Mwaka 2016, siku chache kabla ya Ramadhani, iliingia meseji kwenye simu ya mama. Macho ya mama hayaoni maandishi madogo, na miwani hatukuwa na uwezo nayo, kwa hiyo meseji zote nilikuwa nasoma mie. Hata hapo nilikuwa mkalimani. Meseji ilitoka kwa kaka. Aliandika kwamba zile fedha alichukua yeye, shilingi laki moja na elfu ishirini, kwamba hakuna mwizi aliyeingia, dirisha alilifungua mwenyewe. Kwamba hana za kurudisha kwa sasa. Kwamba anaomba mama amsamehe, na akimjibu atakuja Idi.

Mama alikuwa anachuja tui. Akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Kampuni ya simu. Matangazo."

Nikaifuta.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nimejaribu mara nyingi kuuficha ukweli nyuma ya umri huo, hautoshi. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa mtoto mwema pekee katika nyumba ile, niliyebaki, niliyebeba ndoo na kwenda kusaga mchele, na sikutaka mwenzangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine iliyo nzuri zaidi. Kaka hakuandika tena. Bila shaka alichukua ukimya ule kuwa ni jibu. Baadaye simu ya mama ikapotea, tukabadilisha namba, na mlango ukafungika wenyewe.

Wiki ile ile zikaanza kumiminika meseji za Ramadhani. Mnazijua. "Kama nilikukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe, na mie nimekusamehe." Mtu anaiandika mara moja, au anaipokea kwa mwenzake, anaituma kwa watu hamsini, pamoja na fundi wa baiskeli na mtu aliyemnunulia samaki Sahare mara moja. Na mie nilituma. Nilituma hata kwa watu nisiowakumbuka. Ndipo nikaona kwamba kuna msamaha wa jumla na msamaha wa rejareja. Wa jumla ni rahisi, unauziwa kwa gunia, hakuna anayefungua kuangalia ndani. Wa rejareja ni ule wa kaka: nilichukua mie, kiasi ni hiki, dirisha nililifungua hivi. Mie niliupokea wa rejareja nikaufuta, nikarudisha wa jumla kwa mtaa mzima.

Sisemi ule wa jumla hauna maana. Hata msibani, kabla hatujapeleka jeneza, mtu husimama akasema mwenye kumdai marehemu aonane na familia, na aliyekosewa na amsamehe. Lakini angalia vizuri. Deni la fedha linatajwa kwa kiasi, na mtoto wa marehemu analiandika. Makosa tunayafuta kwa pamoja, bila kuyafungua, kwa sababu mwenye kuyaeleza ameshalala. Tunafanya hivyo kwa maiti kwa kuwa hatuna njia nyingine. Kwa aliye hai njia ipo, ni vile tu inauma.

Na kwa sababu Isidingo ilinitia hamu ya kuijua Afrika Kusini, nilianza kusoma habari zao, nikakutana na ile Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Desmond Tutu. Ilianza kuwasikiliza watu mwaka 1996, na mambo yake yalitangazwa redioni na kwenye televisheni, watu wakiwa majumbani wanatazama muuaji anaeleza alivyoua. Mie nilidhani aliyetaka kuachiwa huru alitakiwa apige magoti na kulia. Kumbe hapana. Sheria yao haikumtaka hata aseme pole. Ilimtaka aseme ukweli wote, na kwamba tendo lake lilikuwa la kisiasa. Waliomba watu zaidi ya 7,000, na walio wengi walikataliwa.

Kwanza nilikasirika. Ukweli bila pole ni kitu gani? Halafu nikafikiri, pole unaweza kuiigiza. Cherel aliiigiza mara ngapi! Lakini kuonyesha mahali maiti ilipofukiwa, hilo huliigizi.

Hata hivyo si wote walioridhika. Familia ya Steve Biko na nyingine zilikwenda mpaka Mahakama ya Katiba mwaka huo huo wa 1996 kuupinga msamaha ule, na zikashindwa. Walichokuwa wanasema kinaeleweka hata kwa mtu wa Ngamiani: aliyeuawa ni wetu, nyie mnasamehe kwa niaba ya nani?

Swali hilo hata sisi tunalo, ila hatuliulizi kwa sauti. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru zikiwa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kuwaachia Babu Seya na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kesi ya kuwabaka watoto. Uwezo huo Rais anao, upo kwenye ibara ya 45 ya Katiba. Mimi nilitazama hapo hapo, moja kwa moja, na uwanja ukalipuka kwa shangwe, na nyumba za jirani nazo. Wenyewe siku zote walikana kosa. Basi kama hawakufanya, wanasamehewa nini? Na kama ilifanyika, wale watoto, ambao mwaka 2017 walikuwa wameshakuwa watu wazima, kuna aliyewauliza? Siwezi kuamua kesi ile, na si kazi yangu. Najua tu kwamba siku ile na mie nilishangilia, halafu nikamwona mama anatazama wale watu wawili, na usoni mwake hakuna shangwe. Akasema, "Mama yao leo atalala," akaenda jikoni. Sijui hata kama mama yao yu hai. Lakini nilielewa alikuwa anasema habari za nani.

Na mwaka 2020, Juni, yule mchimbaji Saniniu Laizer alipouza mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, mama alisogeza stuli mpaka karibu na kioo. Hakuwa anatazama mawe. Alikuwa anawatazama watu waliosimama nyuma. Habari ile ilirudiwa siku tatu, na siku zote tatu alisogeza stuli.

Mie nilikuwa nimekaa nyuma yake na meseji yangu niliyoifuta.

Nirudi kwenye swali la mwanzo. Mama alisema amemsamehe kaka wiki ile ile, kabla kaka hajaomba, kabla hajakiri. Kwa miaka mingi nililiona hilo kuwa ni udhaifu wa mama. Siku hizi naona mama alikuwa anasamehe kilicho chake, fedha zake, na hapo hakuna wa kumuingilia. Mie ndiye niliyejitwika kusamehe au kutosamehe kisicho changu. Nilikaa mlangoni mwa nyumba ya watu wawili, mmoja ameomba na mwingine ameshatoa, na nikakataa kuwafungulia. Sasa nani anamdai nani? Kaka anadaiwa shilingi 120,000. Mie nadaiwa Idi nane na zaidi. Tena za kwangu hazirudi, ndizo zile za kipindi kilichopita.

Desemba 2024 Michelle Botes, yule mwigizaji aliyekuwa Cherel, alifariki. Siku chache baadaye simu yangu ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua: "Cherel kafariki. Mwambie mama. Ni mie."

Nilikaa na simu ile mkononi mpaka kioo kikazima. Namba yangu alikuwa kaipata kwa mtu wa Makorora waliyekutana naye huko. Miaka yote, na kilichomfanya aandike ni Cherel! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaenda uani. Mama alikuwa anapepeta mchele.

Nikamsomea. Safari hii neno kwa neno, hata ile "ni mie" nikaisoma. Mama akaweka ungo chini.

"Yule mbaya?"

"Ndiye."

"Masikini," akasema. "Na Barker je?" Nikamwambia sijui habari za Barker. Akaomba simu, akaishika bila kuiangalia, kwa kuwa haoni, akasema, "Muandikie aje."

Nikaandika. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na mdomo uko wazi, nikamweleza na ile nyingine ya 2016. Nilimweleza kwa rejareja, yaliyoandikwa, laki na elfu ishirini, dirisha, Idi, tui alilokuwa anachuja, nilivyomjibu matangazo ya kampuni ya simu. Mama hakusema kitu. Alichukua ungo, akapepeta mchele wote mpaka ukaisha, akauloweka, akaingia ndani.

Kesho yake hakusema nami, na kesho kutwa pia. Nilibeba ndoo, nikaenda kusaga, nikarudi, kimya. Kaka alijibu kwamba atakuja mwezi wa Ramadhani ukiandama, na hilo nalo nilimsomea, akaitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu jioni akanituma chumvi dukani.